Sikubaki kwa Ajili Yako

Basilisa mwanangu,

Ninyi mliosoma mnaanza barua kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, nimekuacha asubuhi unagombana na zipu ya begi. Yangu ndiyo mbaya, na utaijua kabla hujafika ukurasa wa pili.

Naandikia ndani ya gari, kwenye maegesho ya loji moja hapa juu ya Karatu. Wageni wangu wamerudi kutoka kreta wamejaa vumbi, sasa wanaoga, halafu watakunywa, halafu mmoja atakuja kuniuliza kama kesho simba watakuwepo, kana kwamba nimewafungia bandani. Kesho siwapeleki mimi. Nimemwomba dereva mwenzangu anishikie zamu, maana kesho nakusindikiza stendi.

Mama yako ameshakupa maagizo yote: sweta, sala, dawa ya tumbo, usikae karibu na mtu anayekohoa. Shangazi yako amekuja kutoka Rhotia na ya kwake. Na mjomba wako, ambaye hajawahi kufika Makuyuni bila kutapika, amekueleza saa nzima jinsi ya kupanda ndege. Nimekaa pembeni nikiwasikiliza, nikacheka kimoyomoyo. Mimi sina agizo hata moja. Nina jambo ambalo nimelificha tangu kabla hujazaliwa.

Wiki iliyopita, tukiwa mezani, ulisema chuo kimekupa nafasi ya miaka minne, lakini ukifika utawaambia unachukua ile kozi fupi ya mwaka mmoja, urudi. Mama yako akauliza kwa nini. Ukasema, "Baba aliacha safari yake kwa ajili yangu, nikiwa bado tumboni. Mimi nitamwachaje miaka minne?" Mdogo wako akaacha kutafuna. Mimi nikainamisha kichwa kwenye makande kama mtu mnyenyekevu. Mnyenyekevu! Ilikuwa aibu tu, mwanangu, aibu ya mtu anayesifiwa kwa kitu ambacho hakukifanya.

Sikubaki kwa ajili yako. Nilinyimwa viza. Hayo ndiyo maneno yenyewe, na kama utachoka kusoma mwandiko wangu, chukua hayo tu, mengine acha.

Unamfahamu yule bibi mwenye kofia pana kwenye picha ya sebuleni. Alikuwa mwalimu mstaafu, akaja miaka mitatu mfululizo kuangalia faru wa kreta, na kila safari akaomba dereva niwe mimi. Mwaka wa tatu akasema sasa ni zamu yangu kumtembelea yeye kwao, miezi mitatu, tiketi juu yake. Jina la nchi silitaji humu. Unaenda huko huko, utaliona limeandikwa kila mahali mpaka ulichoke.

Ungeniona siku zile. Kichwa kilivimba hadi kofia zikanikataa. Sikuwa hata nimekanyaga ubalozini, lakini nilishaagwa. Baba yako mkubwa alichinja mbuzi. Katekista aliniombea kwa kunitaja jina. Nilinunua koti la mtumba Arusha, zito, la watu wanaoishi kwenye barafu, nikalivaa kanisani Jumapili ya jua kali huku jasho likinitiririka mgongoni, ili mradi watu waulize nikajibu. Madereva wenzangu niliwaahidi viatu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amenipa saizi yake na mimi nilikuwa nimeshamwahidi. Mjinga wa kutupwa.

Basi nikaenda Dar es Salaam na barua ya yule bibi ndani ya mfuko wa nailoni isilowe jasho. Nikapanga foleni na watu waliovaa suti za harusi. Nikaitwa kaunta. Alikuwepo kijana wa kwao, mwekundu kwa joto, mwenye Kiswahili cha darasani, kila neno limenyooshwa kwa pasi.

"Bwana, nyumbani una mali gani?"

"Mali gani, mzee. Tunahangaika tu."

"Una shamba?"

"Kipande kidogo."

"Una mifugo?"

"Wapo wapo."

"Ng'ombe wangapi?"

Wewe umekulia kwetu, unajua. Nani anataja idadi ya ng'ombe wake kwa sauti, tena mbele ya mtu asiyemfahamu? Babu yako alikuwa akimcharaza mtoto aliyewahesabu kwa kidole wakiingia zizini. Nilivyolelewa mimi, mtu mwenye mali akiulizwa anasema hana, na mtu mzima mwenzake anaelewa na kubadilisha mazungumzo. Nikamjibu yule kijana kwa adabu zangu zote: "Wachache tu."

"Hao wachache wako wapi?"

"Wako kwa watu."

Nilisema ukweli mtupu. Wawili walikuwa kwa rafiki yangu Endabash, wengine Mang'ola, wengine kwa yule Mmaasai wa Kakesio ambaye tumekuwa tukiwekeana ng'ombe tangu ujana. Ndivyo tunavyoishi. Ugonjwa ukiingia zizi moja, mazizi mengine yamepona. Mwenzako anachunga, anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wako, na ndama wake pia. Kuanzia Karatu hadi Mbulu hakuna mtu asiyelijua hilo, hata mlevi ukimwamsha anajua.

"Kwa hiyo si wako," akasema.

"Ni wangu."

"Lakini wako kwa watu."

"Ndiyo."

Akaandika. Akaniuliza nini kitanirudisha Tanzania. Niliona ni swali la kipuuzi, nikamwambia, "Nitarudi kwa sababu ni kwetu." Akaandika tena, safari hii kifupi sana, kisha akanirudishia pasi yangu ya kusafiria pamoja na karatasi iliyosema sikuthibitisha kuwa nina kitu cha kunirudisha nyumbani. Mimi! Mtu mwenye ng'ombe kwenye mazizi matatu, mtu ambaye hajawahi kulala Dodoma kwa hiari yake!

Yule kijana nimemdharau hadi leo. Alipewa kiti, feni na muhuri, akajiona anajua nani ana kwao na nani hana. Lakini nimekuwa na miaka mingi ya kulitafakari hili nyuma ya usukani, na kila nikilirudia nakuta kuna mtu mwingine wa kudharau. Ni mimi niliyejifanya maskini mbele ya mtu aliyewekwa pale kuwazuia maskini. Nilimletea adabu za zizini kwetu nikategemea azielewe. Na kwa nini sikumweleza? Kwa nini sikusema, "Kijana, weka kalamu chini nikufundishe ng'ombe wanakaaje kwetu"? Niliona aibu kubishana. Nikasema asante. Alininyima, nikamwambia asante!

Hilo kosa la kwanza ningeweza kulicheka leo. La pili ndilo linalokuhusu.

Barabara ya Makuyuni siku zile ilikuwa vumbi tupu, nilifika nyumbani mweupe kama niliyetoka mashine ya kusaga. Watu walishajaa uani. Mama yako alisimama mlangoni, mimba ya miezi mitano, mimba yako. Baba yako mkubwa akaja na mkono umenyooshwa. "Haya, mtu wa Ulaya! Unaondoka lini?"

Nilimwona mbuzi wake machoni mwake. Niliwaona madereva na viatu vyao. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto, nikamkuta mama yako, nikamwekea mkono begani.

"Siendi," nikasema. "Nitamwachaje huyu katika hali hii?"

Loh! Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akasema huyu sasa ndiye mwanamume. Jumapili katekista akanitaja tena, eti kuna baba kati yetu aliyechagua familia badala ya dunia, na mimi nimekaa benchi la mbele nikiangalia vidole vya miguu. Hata koti nilisifiwa nalo, nilipompa baba yako mkubwa. Mtu muungwana, wakasema, hata kitu cha safari hakutaka kukiona tena. Wapumbavu, nao. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu anayeenda mbugani Seronera siku kumi bila kuaga ghafla amekuwa na uchungu na mkewe.

Na ukitaka kujua uchungu huo ulidumu kiasi gani: siku uliyozaliwa sikuwepo. Nilikuwa Seronera na wageni wanne wanaotafuta chui. Nilipata habari yako baada ya siku tatu, kwa redio ya geti la hifadhi, katikati ya ujumbe kuhusu pancha ya gari jingine. Mtu aliyeacha safari kwa ajili yako ndiye huyo.

Uongo ukishapigiwa vigelegele hauondoki kwako kirahisi. Nilidhani utadumu wiki moja, watu watasahau. Badala yake ulikua nawe. Ulipokuwa darasa la pili shangazi yako alikusimulia, ukaja mbio ukanikumbatia magoti. Ningesema siku ile. Ulikuwa mdogo, ungesahau kufikia chakula cha jioni. Lakini nilikumbatiwa, Basilisa, na mimi si mtu anayekumbatiwa sana, nikaona niache kidogo.

Nafasi nyingine niliipata mwaka jana, na hii unaikumbuka kwa sababu ulikuwepo. Wale wazee wawili, mume na mke, waliokuwa wamalize safari yetu kisha waruke kwenda nchi ile ile kumwona mjukuu. Hawahitaji viza huko, wala hawajawahi kuihitaji. Usiku wakiwa kwenye chakula, mgeni mwenzao akawaambia mambo yamebadilika, siku hizi hata wasiohitaji viza lazima waombe kibali kwenye intaneti kabla ya kupanda ndege. Ilikuwa kama wameambiwa kuna msiba. Bibi hakumaliza supu. Alfajiri wakaniambia kreta isubiri, niwapeleke kwanza mjini, na nikawaleta pale kwenye chumba cha intaneti ulipokuwa unafanya kazi baada ya kumaliza kidato cha sita.

Ukawakalisha, ukawafungulia fomu, ukaanza kuwasomea. Jina. Namba ya pasi. Halafu yale maswali! Je, una ugonjwa wa kuambukiza? Je, umewahi kushiriki mauaji ya halaiki? Je, unakwenda kufanya ugaidi? Mzee anajibu huku anafuta miwani: hapana, hapana, hapana. Bibi akauliza kama kuna gaidi aliyewahi kujibu ndiyo, wakacheka wote wawili, na wewe ukacheka. Mtandao ukakatika mara moja ukarudi. Ukabonyeza, tukasubiri kidogo, ikaandika wamekubaliwa. Basi. Viti havijapata joto.

Nilisimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi. Nilisubiri mashine iwaulize nini kitawarudisha kwao. Haikuuliza. Wala ng'ombe haikuwauliza. Ilimwamini mzee yule kwamba si muuaji kwa sababu amesema yeye si muuaji, na mimi niliposema ni kwetu, sikuaminiwa.

Kumbuka kwamba hapa kwetu wenyewe walipigiwa muhuri uwanja wa ndege, KIA, na kukaribishwa kwa tabasamu. Sasa, kutoka geti la Lodoare hadi tumefika ukingo wa kreta, walinung'unika. Eti kudhalilishwa. Eti wanafanywa wahalifu. Eti asubuhi yao yote imeharibika. Bibi akaniuliza, "Na ninyi huwa mnafanyiwa hivi mkisafiri?"

Na mimi nikafanyaje? Nikacheka. Nikasema, "Ah mama, pole sana, serikali zote ni sumbufu." Dereva mzuri, mchangamfu. Nikawaonyesha tembo. Nilijidharau siku ile kuliko siku ya ubalozini, maana ubalozini angalau nilikuwa sijui kitu.

Jioni ukaja kukaa karibu nami uani. Ukauliza, "Baba, na wewe ulijaza maswali kama yale?" Mlango ulikuwa wazi kabisa, mwanangu, nilichotakiwa ni kupita tu. Nikajibu, "Mimi sikufika huko. Niliacha mwenyewe." Tena nilisema kwa sauti ya upole, ile ya kanisani. Ukanishika mkono.

Halafu mwezi uliopita ikawa zamu yako kwenda kaunta ile. Ulirudi na viza, nyumba nzima inaruka, na mimi nikakuuliza tu walikuuliza nini. Ukaniambia ofisa alitaka kujua sababu ya wewe kurudi nyumbani ukimaliza masomo. Ukamwambia, "Baba yangu alikuwa na tiketi ya kuja hapa kwenu, akaacha kwa sababu mama alikuwa na mimba yangu. Mtu wa namna hiyo huwezi kutorudi kwake." Ukasema yule ofisa, mwanamke, alikuangalia, akasema hajawahi kusikia sababu nzuri kama hiyo, akagonga muhuri.

Nilitoka nje nikajifanya naangalia tairi.

Usinielewe vibaya, viza yako ni safi. Ulisema unachokijua, na uliyedanganya si wewe. Lakini nifikirie mimi. Nilipowaambia ukweli walinitimua. Uongo wangu, uliokomaa, uliokuzwa na shangazi na katekista, ndio uliowalegeza. Ningekuwa mtu wa kucheka ningecheka hadi nianguke. Wanajiona wana mashine na fomu na macho ya kuona hadi moyoni, na wamedanganyika kwa hadithi ya mlevi wa sifa wa Karatu.

Jumanne nilimweleza mama yako kila kitu. Nilijikaza, nikafunga mlango, nikasema. Alikuwa anachambua maharage, hata hakuinua kichwa.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mkono wako uliponigusa bega. Na wewe ungeacha safari kwa ajili ya mimba? Wewe? Mtu wa Seronera?"

"Mbona hukusema?"

"Nilisubiri uchoke." Akatupa jiwe alilolitoa kwenye maharage. "Sasa umwambie mtoto, usinitume mimi. Na umwambie kabla hajaondoka, siyo kwa simu akiwa huko, ukajificha nyuma ya salio kuisha."

Ananijua vibaya sana mama yako.

Kwa hiyo nakuambia. Sitaki kukuhubiria, sina sura ya kuhubiri. Ninachokijua nimekipata kwa hasara, nacho ni hiki: siku nilipoona haya nilimshika mtu aliyekuwa karibu nikajificha nyuma yake, na huyo mtu ulikuwa wewe, hata kabla hujapata jina. Huko unakokwenda watakunyima vitu. Watakunyima kwa upole, kwa fomu, kwa kiti na feni. Ukinyimwa, rudi useme umenyimwa. Utaona aibu wiki mbili, watu watakucheka, halafu watahamia kwa mwingine. Mimi nilikwepa wiki mbili hizo nikapata aibu ya miaka yako yote.

Na wakikuuliza kwenu kuna nini, usifanye adabu. Waambie. Kwao hakuna anayejua kwamba "wapo wapo" ni jibu la mtu mwenye mali.

Sasa ile miaka minne. Sikuambii ichukue, sikuambii iache. Nakuambia tu kwamba sababu uliyokuwa nayo haipo. Sikuacha kitu kwa ajili yako, na wewe huna cha kuacha kwa ajili yangu. Kama utachukua mwaka mmoja, uuchukue kwa kuwa masomo hayakupendezi, au chakula chao hakipiti kooni, siyo kwa sababu kuna mzee Karatu aliyejitoa. Hakuna mzee wa namna hiyo. Kuna dereva aliyenyimwa akaona aibu. Nakupenda, na hilo halikuwa uongo siku yoyote, hata zile siku nilizokuwa Seronera. Sijui kama nimewahi kulitamka. Kwetu halitamkwi, ni kama idadi ya ng'ombe.

Yule ofisa alikuuliza kama utarudi, ukampa jibu zuri. Mimi sikuulizi. Naogopa utakachojibu ukishajua baba yako ni nani.

Mgeni mmoja ameshatoka bafuni, anakuja huku na taulo shingoni, kwa hiyo namalizia. Nilipanga kukutia barua hii mfukoni mwa begi uikute ukiwa angani, ambapo huwezi kunifanya kitu. Mama yako amenipa jicho moja tu nikaacha. Nitakupa mkononi kesho, ukiwa umeshaketi kwenye basi la Arusha. Dereva nimeongea naye, atasubiri. Isome yote. Mimi nitakuwa nimesimama chini, upande wako, na siondoki. Ukitaka kunitukana, fungua dirisha.

Baba yako